Terry Hirst: Mchoraji wa Pichadithi na kazi yake ya watu wazima iliyosahaulika

Wakenya wengi waliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 wanalikumbuka jina la Terry Hirst kutokana na vitabu vyembamba vya Pichadithi. Ndivyo vilivyosimulia kwa michoro kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake haukupenya mkuki, na kile cha Wanjiru, msichana wa Kikuyu aliyetolewa kafara ili mvua inyeshe. Vitabu hivyo viliazimwa kutoka dawati moja hadi jingine mpaka majalada yakang'oka.

Ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya kuwachorea watoto, Hirst alitumia sehemu kubwa ya muongo wa 1970 akiwachorea wazazi wao. Kazi hiyo ilihusu mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi asingethubutu kuyaweka darasani: baa, madeni, ndoa zenye nyufa, wanaume wenye wake wawili na mshahara mmoja, na mabwana wenye vitambi wanaowanyemelea wasichana wa umri wa binti zao. Ilichapishwa katika jarida la Joe, lililotoka Nairobi kati ya mwaka 1973 na 1979.

Hirst alifariki mwaka 2015. Yaliyoandikwa kumhusu kwa kawaida hutaja Joe kwa sentensi moja au mbili kisha yakakimbilia Pichadithi. Huo ni upungufu, kwa kuwa ukurasa wa watu wazima ndio uliomfunza mchoraji huyo jinsi ya kusimulia hadithi ya Kiafrika kwa picha.

Mwalimu wa Kahawa

Terry Hirst alizaliwa Uingereza mwaka 1932. Alifika Kenya mwaka 1965, wakati taifa lilipokuwa na umri wa chini ya miaka miwili, na akaajiriwa kufundisha sanaa katika Chuo cha Kenyatta, Kahawa.

Mahali hapo panahitaji maelezo kidogo. Chuo hicho kilianzishwa mwaka huo huo wa 1965 katika majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Uingereza, iliyojulikana kama Templer Barracks. Wakoloni walipoondoka, mabweni ya askari yaligeuzwa kuwa mabweni ya wanafunzi wa ualimu. Mwaka 1970 chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 kikapandishwa hadhi na kuwa chuo kikuu kamili, ndicho Chuo Kikuu cha Kenyatta cha leo. Kimekaa mpakani pa Nairobi na Kiambu, kando ya barabara ya Thika. Jirani na chuo kuna Kahawa Wendani na Kahawa Sukari, ambazo ni wadi za eneobunge la Ruiru; ukivuka chuo kuelekea kaskazini unaingia mji wa Ruiru wenyewe, kisha Juja, na hatimaye Thika.

Katika miaka ya 1960 na 1970 eneo hilo lote lilikuwa na sura mbili. Upande mmoja palikuwa na mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yaliyoachwa na walowezi, pamoja na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ambacho baadaye, mwaka 1985, kilitoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11. Upande wa pili palikuwa na viwanda vya Thika vya nguo, mikebe na mananasi, vilivyowavuta vijana kutoka vijijini kuja kutafuta mshahara. Kijana aliyetoka Murang'a au Machakos alipanga chumba kimoja, akapokea pesa mwisho wa mwezi, na kufikia tarehe 10 akawa anakopa. Mke alibaki shambani. Mambo mengine yakafuata kama yanavyofuata.

Maisha ya namna hiyo ndiyo yaliyokuja kuwa malighafi ya Joe. Jarida lilikuwa la Nairobi na mhusika wake alikuwa mtu wa Nairobi, lakini mfanyakazi wa kiwandani Thika au karani wa shamba la kahawa Ruiru hakuhitaji mkalimani ili kujiona ndani yake.

Mbali na kufundisha, Hirst alikuwa miongoni mwa kundi lililoanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Pamoja naye walikuwamo mchoraji Elimo Njau, mshairi Jonathan Kariara na mwanahabari Hilary Ng'weno. Urafiki wake na Ng'weno ndio uliozaa jarida.

Joe alikuwa nani?

Hilary Ng'weno, aliyefariki mwaka 2021, alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard kabla ya kugeukia uandishi, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Katika gazeti hilo alikuwa na safu ya mzaha, na ndani ya safu hiyo alimbuni mtu aitwaye Joe: mwananchi wa kawaida wa mjini, si maskini hohehahe wala si tajiri, ambaye anajaribu kuelewa uhuru umemletea nini. Mwaka 1973 Ng'weno na Hirst waliamua kumtoa Joe katika safu hiyo na kumpa jarida lake. Ng'weno alileta maneno, Hirst akaleta sura.

Mwaka wenyewe ulikuwa mzuri kwa ucheshi na mbaya kwa mfuko. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilipanda kote duniani na bidhaa zikafuata. Mwaka huo huo Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za uchukuzi, na barabara ya Thika ikaanza kupata sura ambayo haijaibadilisha hadi leo. Miaka michache baadaye, baada ya jalidi kuangamiza mibuni nchini Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipaa na pesa zikamiminika mikononi mwa wakulima katika mwaka 1976 na 1977. Sehemu ya pesa hizo iliishia katika kaunta za baa, kama inavyotarajiwa.

Joe lilitoka kwa Kiingereza, na lilichanganya hadithi fupi, barua za wasomaji, vichekesho na katuni za mfululizo. Jalada la Hirst lilikuwa kivutio chake kikuu. Halikuwa na picha ya mtu mmoja aliyekaa kistaarabu akitabasamu. Mara nyingi lilijaa watu pomoni, huyu akisukumana na yule, kila pembe ikiwa na kisa chake kidogo, hivi kwamba msomaji alimaliza dakika kadhaa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Hirst alichora kwa mistari ya wino yenye uhai, miili minene na myembamba, nyuso ambazo hazikuwa vinyago vya Mwafrika vilivyozoeleka katika katuni za wakoloni bali za watu unaoweza kukutana nao kituoni.

Ng'weno hakukaa sana. Mwezi Februari mwaka 1975 alianzisha The Weekly Review, jarida la siasa lililompa jina kubwa zaidi. Hirst akabaki na Joe, akiliendesha pamoja na mkewe, Nereas Gicoru, hadi lilipokoma mwaka 1979. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya umri wake jarida hilo lilikuwa mikononi mwa mchoraji, jambo ambalo ni adimu katika historia ya magazeti ya Afrika Mashariki, ambako mchoraji hualikwa mwishoni kuziba pengo ambalo tangazo limeshindwa kulijaza.

Joe halikuwa peke yake katika soko la watu wazima. Miaka ya 1960 na 1970 wasomaji wa mijini walikuwa wakinunua visa vya mpelelezi Lance Spearman, vilivyosimuliwa kwa picha za kamera badala ya michoro. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 David Maillu naye, kupitia kampuni yake ya Comb Books, alikuwa akitoa vijitabu kama My Dear Bottle na After 4.30, vilivyozungumza kuhusu pombe na ngono za ofisini kwa lugha isiyojificha. Viliuzwa kama maandazi ya asubuhi. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976.

Ukimlinganisha na Maillu, Hirst alikuwa na haya. Michoro yake haikuwa ya utupu wala haikukusudiwa kuamsha tamaa. Neno 'watu wazima' hapa lina maana yake ya asili ya Kiswahili: mambo ambayo mtu mzima anayajua na ambayo hayasemwi mbele ya watoto. Ngono ilikuwa mojawapo, lakini ilikaa meza moja na kodi ya nyumba, hongo, ada ya shule na mjomba aliyekuja kutembea wiki moja akakaa mwaka. Kichekesho cha Hirst mara nyingi kilitokana na mtu kutaka makubwa akiwa na uwezo mdogo.

Suala la jinsi wanawake walivyochorwa linastahili kuangaliwa bila kupendelea. Jicho la Joe lilikuwa la mwanamume mwenye mshahara, na mwanamke wa mjini alionekana kupitia jicho hilo: wakati mwingine mjanja kuliko wanaume wote chumbani, wakati mwingine pambo la mzaha. Kwamba mmoja wa wenye jarida alikuwa mwanamke wa Kikenya halikuliondoa tatizo hilo, ingawa huenda liliupunguza ukali wake. Mtafiti Bodil Folke Frederiksen wa Denmark, aliyechapisha uchunguzi kuhusu Joe mwaka 1991, alilichukulia jarida hilo kama ushahidi wa jinsi wakazi wa mji mpya walivyojadiliana kuhusu ndoa, pesa na mji wenyewe. Huo ni uchunguzi wa kina ambao Wakenya wenyewe wangeutangulia kama wangelithamini jarida hilo mapema.

Gitau naye

Hirst hakuchora peke yake. Katika kurasa za Joe palikuwa na katuni ya OK, Sue! iliyochorwa na Kimani Gathingiri, na City Life ya Edward Gitau.

Jina hili la mwisho litawashtua kidogo wasomaji wa magazeti ya Kiswahili. Gitau ndiye aliyembuni Juha Kalulu, yule mjinga mpendwa aliyezaliwa katika miaka ya 1950 na ambaye kwa miongo mingi alichekesha wasomaji wa Taifa Leo. Juha ni wa kila mtu. Babu na mjukuu humsoma pamoja bila aibu. City Life ilikuwa jambo jingine. Ilikuwa kwa Kiingereza, iliwalenga wasomaji wa mjini waliofika shule, na ilikaa katika jarida ambalo baba alilificha chini ya godoro au alilibeba ofisini. Kwa hiyo Gitau aliishi maisha mawili kwa wakati mmoja: Juha kwa umma wa Kiswahili, na mji wenye mambo yake kwa wasomaji wa Joe. Leo ni Juha tu anayetajwa.

Tanzania ilifuata njia tofauti, na pengine ya uwazi zaidi. Chakubanga wa Christian Gregory alianza kuonekana katika gazeti la Uhuru katika miaka ya 1960, na baadaye likaja jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo wahuni, walevi na wapenda wanawake kama Lodilofa walikuwa wahusika wakuu, kwa Kiswahili cha mtaani, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kama ni kazi ya watoto au ya wakubwa. Wote walisoma. Kenya, kwa kuiweka katuni yake ya watu wazima katika Kiingereza, iliipunguzia wasomaji na ikaiandalia njia ya kusahauliwa.

Mwenye Superman na vijitabu vya siri

Mchoraji wa katuni kuwa na kazi ya pili asiyoitangaza si jambo la Kenya pekee. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Joe Shuster, na tofauti kati yake na Hirst inasaidia kuonyesha ni kitu gani hasa hufanya kazi ifichwe.

Shuster alizaliwa Toronto, Canada, mwaka 1914, akakulia Cleveland nchini Marekani. Pamoja na rafiki yake Jerry Siegel alimbuni Superman, aliyetokea mara ya kwanza katika toleo la kwanza la Action Comics mwaka 1938. Vijana hao wawili waliuza haki zote za mhusika huyo kwa dola 130. Kampuni ikapata mamilioni. Walipokwenda mahakamani mwaka 1947 walipata fidia ya takriban dola 94,000, lakini walipoteza kazi, na majina yao yakaondolewa katika vitabu vya Superman.

Shuster, ambaye macho yake yalikuwa yakizorota, alibaki bila riziki. Karibu na mwaka 1954 alichora picha za vijitabu vilivyoitwa Nights of Horror. Vilikuwa 16, vilichapishwa kwa gharama ndogo na kuuzwa kwa kificho chini ya kaunta za maduka ya Times Square, New York. Vilikuwa vya ngono na mateso: wanawake waliofungwa kamba, viboko, wanaume wakatili. Picha hazikuwa na sahihi. Hata hivyo, mtu aliyezoea mkono wake angeona jambo la ajabu, kwamba mwanamume mwenye viboko alifanana mno na Clark Kent, na mwanamke aliyefungwa alikuwa kama pacha wa Lois Lane.

Mambo hayakuishia dukani. Agosti mwaka 1954 polisi wa New York waliwakamata vijana wanne wa Brooklyn kwa mashambulizi na mauaji. Daktari wa akili Fredric Wertham, ambaye mwaka huo huo alikuwa amechapisha kitabu cha kuzishutumu katuni kwa kuharibu watoto, alimhoji kiongozi wao na kusema kijana huyo alisoma Nights of Horror. Hakuna dalili kwamba Wertham alitambua kuwa picha hizo zilitoka kwa mkono uliomchora Superman. Vijitabu vilipigwa marufuku jijini humo, na kesi ya wauzaji, Kingsley Books dhidi ya Brown, ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwezi Juni 1957 majaji 5 dhidi ya 4 waliidhinisha amri ya kuvizuia na kuviteketeza.

Siri ilikaa zaidi ya nusu karne. Mwanahistoria wa katuni Craig Yoe alikuta nakala miongoni mwa vitabu vikuukuu, akautambua mkono wa Shuster, na mwaka 2009 akachapisha michoro hiyo katika kitabu. Shuster mwenyewe alikuwa ameaga dunia mwaka 1992. Mwaka 1975, baada ya wachoraji wenzake kupiga kelele, kampuni ya Warner ilikubali kuwalipa yeye na Siegel pensheni ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurejesha majina yao.

Shuster aliificha kazi yake kwa sababu ilikuwa kinyume cha sheria na ilitokana na dhiki. Hirst hakuificha yake: jina lake lilikuwa pale pale jaladani, na wasomaji walimjua. Kilichoizika kazi ya Hirst ni jambo la kawaida zaidi, nalo ni kwamba gazeti la mzaha halihifadhiwi. Msomaji akishacheka analiacha kwenye kiti cha matatu, au linakwenda buchani kufungia nyama. Kitabu cha hadithi za kale huwekwa rafuni kwa sababu kinaitwa utamaduni.

Sheria inasemaje

Mchoraji wa Kenya anayetaka kuchora mambo ya chumbani bado anakabiliwa na kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kifungu hicho kinakataza kutengeneza, kumiliki kwa nia ya biashara, kusambaza au kuonyesha hadharani maandishi, michoro au picha chafu, na kinaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya Sh7,500. Kiasi hicho cha faini kinatoka enzi ambapo kingenunua kitu cha maana.

Tatizo ni kwamba sheria haielezi waziwazi ni wapi mzaha unapoishia na uchafu unapoanzia. Inataja vitu vinavyoelekea kupotosha maadili, na kumwachia hakimu. Katika hali hiyo mhariri mwenye busara hujichuja mwenyewe kabla polisi hawajaja, na ndivyo magazeti ya Kenya yamefanya kwa miaka mingi. Joe lilifanikiwa kupita katikati ya kamba hiyo kwa miaka sita kwa kudokeza badala ya kuonyesha. Mlango uliofungwa nusu, viatu vya wanaume wawili nje ya chumba kimoja: mtu mzima anaelewa, na mtoto anaona viatu tu.

Kwenye barabara ya Thika mabishano hayo hayo yalihamia baadaye katika mabodi ya matatu. Magari ya nambari 237 ya Thika na 145 ya Ruiru yalipambwa kwa sura za wanamuziki, wanamichezo na wanawake waliovaa kidogo, kazi ya vijana wachoraji ambao hawakupata jarida la kuwaajiri. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyafuta mapambo hayo na kuweka mstari wa manjano. Miaka kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea wachoraji hao, na rangi zikarudi. Yaelekea serikali huona haya kwa vipindi.

Kutoka kwa Joe hadi Lwanda Magere

Joe lilipokoma mwaka 1979, Hirst hakuwa tena mwalimu wa chuo wala hakuwa na jarida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo alipoanza mfululizo wa Pichadithi, uliochapishwa na Kul Graphics. Jina lenyewe ni muunganiko wa picha na hadithi, na ni mojawapo ya maneno machache ya kubuni ambayo wasomaji waliyakubali mara moja.

Mtu akiweka toleo la Joe kando ya kitabu cha Pichadithi ataona mkono ni ule ule. Umati wa kijiji cha Wanjiru umesongamana kama umati wa baa. Wazee wanaoshauriana wana mabega na vitambi vya wakubwa wa Nairobi. Msaliti wa Lwanda Magere anamkaribia mumewe kwa hila ambayo msomaji wa zamani wa Joe ameiona mara nyingi, akiwa na gauni badala ya ngozi. Kwa maneno mengine, watoto wa miaka ya 1980 walirithi bila kujua ujuzi ulionolewa kwa kuchora mambo ambayo hawakuruhusiwa kuyaona. Wachoraji waliokuja baadaye, miongoni mwao Frank Odoi aliyetoka Ghana na Paul Kelemba anayejulikana kama Maddo, nao walipitia katika mfululizo huo.

Hirst hakuwaacha kabisa watu wazima. Mwaka 1994, pamoja na Davinder Lamba wa Taasisi ya Mazingira, alitoa The Struggle for Nairobi, kitabu cha katuni kinachosimulia historia ya jiji tangu kituo cha reli cha mwaka 1899: nani alipewa ardhi, nani alifukuzwa, na kwa nini vitongoji duni vipo mahali vilipo. Hakikuwa na vichekesho vya baa. Hata hivyo kiliendeleza swali la Joe, kwamba mtu wa kawaida anaishije katika mji ambao haukujengwa kwa ajili yake. Wakazi wa Ruiru, mji ambao sensa ya mwaka 2019 iliuhesabu kuwa na watu zaidi ya 490,000, wengi wao wakiwa wapangaji waliosukumwa nje ya Nairobi na kodi, wangekisoma leo na kuona kinaongea kuwahusu.

Nakala ziko wapi?

Sheria ya Vitabu na Magazeti, iliyopo tangu mwaka 1960, inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala za kila toleo kwa Msajili. Kwa nadharia, basi, kila Joe lililowahi kutoka lilipaswa kupatikana mahali fulani. Kwa vitendo, anayetaka kuyaona majarida hayo hutegemea maktaba za vyuo vikuu, baadhi yake zikiwa ng'ambo, pamoja na sanduku la mzee fulani ambaye hakuwahi kutupa kitu. Kinshasa ilipata bahati zaidi katika jambo hili: kumbukumbu za mchoraji Papa Mfumu'eto, aliyewachorea watu wazima wa jiji hilo katuni za Kilingala, zilinunuliwa na kuhifadhiwa na Chuo Kikuu cha Florida. Ziko salama, ila ziko Marekani.

Hakimiliki nayo ina neno lake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ya sanaa nchini Kenya hulindwa katika maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Michoro ya Hirst, pale ambapo haki zilibaki kwake, haitakuwa mali ya umma hadi mwisho wa mwaka 2065. Mchapishaji anayetaka kuitoa upya kabla ya hapo atahitaji ridhaa ya warithi. Kwa Pichadithi mazungumzo hayo yanaweza kuanza na kitabu kimoja na msimulizi mmoja. Kwa Joe, ambalo kila toleo lilikuwa na waandishi kadhaa, wachoraji kadhaa na matangazo ya kampuni ambazo nyingine hazipo tena, itabidi mtu akae chini na orodha ndefu, ukurasa baada ya ukurasa, huku karatasi za mwaka 1973 zikiendelea kugeuka manjano.